Ganzi baada ya kutolewa mafindofindo: tafiti zimepima saa, mtoto anaumwa siku

Mwaka jana mpwa wangu wa miaka sita alifanyiwa upasuaji wa kutoa mafindofindo, au tonsesi kama wengi tunavyoziita. Jioni ile ile dada yangu akanipigia simu akiwa na furaha. "Kaka, huwezi kuamini, mtoto kaamka anaomba juisi!" Alikuwa ameambiwa kwamba kabla hawajamaliza walimchoma sindano ya ganzi kooni, kwa hiyo asiwe na wasiwasi wa maumivu.

Siku ya nne akapiga tena, sauti nyingine kabisa. Mtoto hataki kumeza hata mate. Anayatema kwenye kitambaa. Hajanywa maji tangu asubuhi, mkojo wenyewe ni kidogo na una rangi kama chai. Nikamuuliza, "Umempa Panadol?" Akanyamaza kidogo. Alimpa siku ya kwanza tu, usiku, halafu akaacha. Kwa nini? "Si walisema wamemchoma ganzi? Niliogopa kuchanganya dawa."

Mtoto alirudishwa hospitali, akawekewa dripu, akapewa dawa za maumivu, na baada ya siku mbili akawa anakula uji. Hakuna aliyekufa. Lakini ile sentensi ya dada yangu ilinikaa kichwani. Mimi nasoma shahada ya uzamili kwenye takwimu za afya, siyo daktari wa koo, ila kusoma tafiti ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nikaamua kusoma: hivi hii ganzi ya kooni ina ushahidi gani? Nilichokuta ndicho ninachotaka kukikosoa hapa. Watafiti wamefanya kazi nyingi, na nzuri kiasi, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo inajibu swali ambalo mama mwenye mtoto nyumbani haulizi.

Kidonda chenyewe kikoje

Tuanze na koo. Mafindofindo ni vinundu viwili vya nyama, kimoja kila upande nyuma ya mdomo. Watu wengine huyachanganya na kimeo, ile nyama ndogo inayoning'inia katikati. Ni vitu viwili tofauti.

Daktari anapoyatoa, mara nyingi hashoni. Yanabaki mashimo mawili yaliyo wazi, na chini yake kuna misuli ya koromeo, ile ile inayojikaza kila unapomeza. Sasa fikiria una kidonda kibichi kwenye kiganja halafu unalazimika kufumba na kufumbua mkono mamia ya mara kwa siku, tena kikiwa kimelowa mate muda wote. Ndiyo hali ya mtoto huyu.

Katika siku za kwanza kidonda hufunikwa na utando mweupe au wa kijivu ambao wazazi wengi hudhani ni usaha. Utando huo hubanduka kati ya siku ya 5 na ya 10 hivi, na hapo maumivu yanaweza kupanda tena, na ndiyo kipindi ambacho damu inaweza kutoka. Kwa ujumla maumivu huchukua wiki moja hadi mbili. Siyo usiku mmoja.

Zingatia muda huo, maana hoja yangu yote inasimama hapo.

Ganzi inafanya nini

Dawa za ganzi zinazotumika zaidi hapa ni bupivakeini na lidokeini (wengine huiita lignokeini). Neva hupeleka taarifa ya maumivu kwa kufungua milango midogo kwenye ukuta wake, sodiamu ikaingia, na umeme ukasafiri. Ganzi huingia ndani ya neva na kuziba milango hiyo kwa ndani. Mlango ukizibwa, taarifa haisafiri.

Ili iingie ndani, dawa lazima iwe katika umbo lisilo na chaji. Kwenye tishu iliyovimba na kuwaka, mazingira yanakuwa na asidi zaidi, na sehemu kubwa ya dawa inabaki katika umbo lenye chaji ambalo halipenyi vizuri. Ndiyo maana ganzi mara nyingi huwa dhaifu pale penye uvimbe mkali. Ukishawahi kung'olewa jino lenye jipu, unajua ninachosema.

Halafu kuna suala la muda. Bupivakeini ni miongoni mwa zile zinazodumu, lakini kudumu kwake ni kwa saa, kwa kawaida saa chache hadi nusu siku kutegemea mahali ilipowekwa. Mwilini, nusu yake huondoka kwa takribani saa tatu. Piga hesabu: baada ya saa 15 nusu hiyo imepita mara tano, kwa hiyo imebaki kama asilimia 3. Mpwa wangu alichomwa saa nne asubuhi. Kufikia usiku wa manane dawa ilikuwa karibu imekwisha, na zilikuwa zimebaki siku kumi za maumivu.

Kwa hiyo, kwa dawa peke yake, hakuna sababu ya kutegemea nafuu siku ya nne. Basi kwa nini watafiti waliwahi kuamini ipo?

Wazo lililoleta matumaini

Mwaka 1983 Clifford Woolf alichapisha kwenye jarida la Nature kazi iliyoonyesha kwamba jeraha huweza kuufanya uti wa mgongo wenyewe kuwa mwepesi kupokea maumivu. Yaani mfumo wa neva "hukumbuka" jeraha na kuongeza sauti. Kutoka hapo likaja wazo la kuvutia: kama tutazuia taarifa za maumivu zisifike kwenye uti wa mgongo *kabla* ya kisu kugusa, basi huo mfumo hautaamka kabisa, na mgonjwa ataumwa kidogo hata siku nyingi baada ya dawa kwisha. Mwaka 1988 Patrick Wall aliandika tahariri maarufu kwenye jarida la Pain akilipigia debe wazo hilo.

Mafindofindo yakawa uwanja mzuri wa kulijaribu. Mwaka 1991, kwenye jarida hilo hilo la Pain, Jebeles na wenzake wa Alabama, Marekani, walichapisha jaribio la wagonjwa ambao wote walipewa dawa ya usingizi, nusu kaputi kwa lugha ya mtaani, halafu wengine wakachomwa bupivakeini kuzunguka mafindofindo kabla ya kukatwa na wengine wakachomwa maji ya chumvi. Waliochomwa bupivakeini waliripoti maumivu kidogo, na tofauti ikaendelea kwa siku kadhaa, muda mrefu baada ya dawa yenyewe kuondoka mwilini.

Ni matokeo mazuri sana. Na mtu wa takwimu anapoona matokeo mazuri sana kwenye jaribio dogo, kazi yake ya kwanza ni kuwa na mashaka. Siyo kwa sababu watafiti ni waongo. Jaribio dogo lina kelele nyingi. Ukirusha sarafu mara 10, kupata vichwa 8 siyo muujiza. Na majaribio madogo yenye matokeo makubwa ndiyo huchapishwa na kusimuliwa, yale madogo yasiyo na kitu hubaki kwenye droo.

Mwaka 2002 Møiniche na wenzake walipitia majaribio 80 ya wazo hilo katika upasuaji wa aina nyingi. Walitazama majaribio yanayolinganisha dawa ile ile ikitolewa kabla ya kisu na ikitolewa baada ya kisu. Kwa ujumla hawakukuta kwamba kutangulia kuna faida ya maana. Hilo halithibitishi kuwa ganzi haifai, maana swali la *lini uchome* siyo swali la *uchome au usichome*. Lakini linavunja ile nguzo iliyokuwa inaeleza kwa nini ganzi ya saa chache ilete nafuu ya siku kumi.

Mapitio mawili, majibu mawili

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Hollis, Burton na Millar walifanya mapitio ya Cochrane kuhusu ganzi wakati wa kutoa mafindofindo. Cochrane wanasifika kwa ukali: jaribio lisilofikia viwango halikaribishwi. Yaliyobaki yalikuwa machache na madogo. Hitimisho lao: hakuna ushahidi kwamba ganzi inaboresha udhibiti wa maumivu baada ya upasuaji. Lakini waliongeza angalizo la haki, kwamba katika baadhi ya majaribio wagonjwa walipewa pia dawa za jamii ya mofini kwa mshipa, na huenda hizo zilificha faida ya ganzi.

Mwaka 2008, Grainger na Saravanappa wakarudia kazi hiyo kwenye jarida la Clinical Otolaryngology wakiwa na majaribio mengi zaidi. Wao wakasema ganzi inapunguza maumivu, kwa kiasi cha wastani. Na wakaongeza jambo ambalo nadhani ndilo muhimu kuliko yote katika makala yao: kuweka ganzi kwa pamba au shashi iliyoloweshwa, ukaibana kwenye shimo kwa dakika chache, kunaonekana kutoa nafuu inayolingana na ile ya sindano.

Sasa nani yuko sahihi? Watu wengi wakiona mapitio mawili yanapingana hukata tamaa na sayansi. Tulia kidogo. Hawa hawapingani sana kama inavyoonekana. Wa kwanza wanasema "hatujaona ushahidi", siyo "tumeona kwamba haifanyi kazi". Wa pili wanasema "tumeona kitu, siyo kikubwa". Ukiwa na majaribio machache madogo, nafuu ya wastani ni rahisi kutoonekana. Ukiyaongeza, inaanza kuonekana. Ukosoaji wangu uko kwingine. Uko kwenye hicho "kitu" chenyewe.

Nusu ya sura

Unapounganisha majaribio yaliyotumia vipimo tofauti vya maumivu, huwezi kujumlisha alama moja kwa moja. Kwa hiyo wachambuzi huzigeuza kuwa kipimo kisicho na jina: tofauti kati ya makundi ikigawanywa kwa jinsi alama zinavyotawanyika. Matokeo yanakuja kama 0.5 au 0.7. Kwa mtu wa takwimu hiyo ni lugha ya kawaida. Kwa mama haina maana yoyote, na kwa daktari mwenye haraka haina maana kubwa sana pia.

Tuirudishe duniani. Chukua kipimo cha sura kinachotumika sana kwa watoto kuanzia miaka minne: sura sita zimepangwa, ya kwanza imetulia, ya mwisho imekunjamana kwa maumivu, na alama ni 0, 2, 4, 6, 8 na 10. Mtoto anaonyesha kwa kidole. Tuseme, kwa mfano tu, alama za watoto zimetawanyika kwa kiasi cha 2. Nafuu ya 0.5 kwenye lugha ya wachambuzi inakuwa alama 1 kati ya 10. Lakini kutoka sura moja hadi inayofuata ni alama 2! Yaani nafuu yenyewe, kwa wastani, ni nusu ya sura. Mtoto mmoja mmoja hawezi hata kukuonyesha kitu hicho kwa kidole.

Msomaji makini atasema: wastani unaweza kuficha kwamba watoto wachache walipata nafuu kubwa na wengine hawakupata kitu. Kweli kabisa. Ndiyo maana ningependa majaribio yaripoti ni watoto wangapi kati ya 100 walivuka kutoka maumivu makali kwenda maumivu yanayovumilika. Hiyo ndiyo namba ambayo mzazi anaweza kuitumia.

Halafu tatizo la pili: kipimo kinachukuliwa *lini*? Katika majaribio haya saa za kwanza hutazamwa sana: mtoto akiamka, baada ya saa moja, saa nne, saa sita, siku ya kwanza. Sababu inaeleweka. Mtoto bado yuko wodini, muuguzi yupo, fomu ipo. Akishakwenda nyumbani, nani atampima? Wako watafiti waliofuatilia siku nyingi, na wanastahili pongezi. Lakini saa za wodini ndizo rahisi kupima, na ndizo ambazo ganzi bado ipo. Ni kama kupima ubora wa mwavuli ukiwa ndani ya nyumba.

Na vyombo vya kupimia nyumbani vipo. Tangu miaka ya 1990 kuna dodoso la wazazi lenye maswali 15 ya ndiyo au hapana: anacheza kidogo kuliko kawaida? anakula kidogo? analalamika zaidi? Mzazi yeyote anaweza kulijaza, hata kwa kusomewa kwenye simu. Ukiniuliza mimi, katika upasuaji huu kipimo bora kingekuwa rahisi zaidi: mtoto amekunywa vikombe vingapi leo, na je, alirudishwa hospitali?

Hatari ambayo jaribio dogo haliwezi kuiona

Mpaka hapa unaweza kusema, sawa, nafuu ni ndogo na ya saa chache, lakini si bora kuliko kukosa? Ingekuwa hivyo kama sindano ingekuwa bure. Bei yake ni ndogo, lakini mahali inapoingia ni pabaya.

Nyuma ya mafindofindo hapako mbali na mshipa mkubwa wa damu unaokwenda kwenye ubongo, na karibu hapo zinapita neva zinazoongoza ulimi, koromeo na nyuzi za sauti. Mwaka 1997, kwenye jarida la Anesthesia & Analgesia, Bean-Lijewski aliripoti jaribio la kuziba kwa ganzi neva ya tisa ya kichwa kwa watoto wanaotolewa mafindofindo. Jaribio lilikatishwa. Watoto wawili walizibwa njia ya hewa kwa kiwango cha kutishia maisha. Niwe wa haki: ile ilikuwa sindano inayolenga neva ndani zaidi, siyo kuchoma juu juu kuzunguka mafindofindo. Lakini dawa ni majimaji, hufuata njia yake, na koo la mtoto ni dogo.

Kuna na suala la kipimo. Kiwango cha juu cha bupivakeini ambacho wengi hukitaja ni miligramu 2 hadi 2.5 kwa kila kilo ya uzito. Chukua mtoto wa kilo 15 na kiwango cha 2: jumla ni miligramu 30. Dawa ya asilimia 0.25 ina miligramu 2.5 kwa kila mililita, kwa hiyo mwisho ni mililita 12. Ile ya asilimia 0.5 ina miligramu 5, mwisho ni mililita 6. Ukichukua chupa ya pili badala ya ya kwanza, ukachoma mililita 5 kila upande, umempa miligramu 50. Bupivakeini ikizidi kwenye damu hushambulia ubongo na moyo: degedege, kisha mapigo kuvurugika. Tiba ya mafuta ya kuingiza kwa mshipa ipo, lakini lazima iwe imo ndani ya jengo, tena karibu.

Matukio haya ni nadra. Nadra ndilo neno linalotuletea shida. Katika takwimu kuna kanuni rahisi inayoitwa kanuni ya tatu: ukifuatilia watu 60 na hakuna hata mmoja aliyepata madhara, huwezi kusema hatari ni sifuri. Unachoweza kusema ni kwamba hatari haizidi 3 gawanya kwa 60, yaani asilimia 5, kwa uhakika wa asilimia 95. Asilimia 5 ya kuzibwa hewa? Hakuna mzazi atakayekubali! Jaribio la watoto 60 linaloandika "hakukuwa na madhara" limesema ukweli, lakini halijasema "ni salama". Tafiti hizi nyingi ni ndogo, na sentensi hiyo inajirudia rudia.

Ndiyo maana ile hoja ya pamba ya Grainger na Saravanappa ina uzito. Kama nafuu ni ile ile, chagua njia isiyopitisha sindano karibu na mshipa wa shingo. Bado kipimo kihesabiwe, maana kidonda kibichi nacho hunyonya dawa.

Nisiwe mkali kupita kiasi

Wako madaktari watakaosoma haya na kusema sijui maisha ya chumba cha kuamkia. Wana hoja. Mtoto anayeamka akipiga kelele na kujitupa anaweza kujiumiza, hufanya kidonda kivuje, na mara nyingi huishia kupewa dawa ya jamii ya mofini. Dawa hizo hupunguza pumzi, na wengi wa watoto hawa wanatolewa mafindofindo kwa sababu hiyo hiyo, kwamba usiku pumzi zinakatika. Kila kipimo cha mofini unachokiepuka ni faida.

Tumeshajifunza somo hilo kwa uchungu kwenye kodeini. Mwilini kodeini hugeuzwa kuwa mofini na kimeng'enya ambacho kwa watu wengine kina kasi kubwa mno. Mtoto wa aina hiyo anapewa kipimo cha kawaida, mwili unamtengenezea mofini nyingi kwa ghafla, anaacha kupumua akiwa usingizini. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kabisa dhidi ya kodeini kwa watoto waliotolewa mafindofindo, na mwaka 2017 ikaikataza kwa walio chini ya miaka 12. Jambo hili linatuhusu pia huku kwetu: utafiti uliochapishwa mwaka 1996 uliwapima watu wa Ethiopia, majirani wa Kenya, na asilimia 29 kati yao walikuwa na jeni za kasi hiyo. Kwa hiyo mtu anayetafuta njia yoyote ya kupunguza dawa hizi ana nia njema, na ganzi katika saa sita za kwanza inaweza kumsaidia.

Sipingi hilo. Ninachopinga ni ganzi kupewa sifa ya kazi ambayo haiifanyi.

Kazi ya siku kumi inafanywa na nani?

Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani, ule wa 2019, unapendekeza ibuprofeni, parasetamoli, au zote mbili baada ya upasuaji kwa watoto, pamoja na dozi moja ya deksamethasoni wakati wa upasuaji. Mapendekezo ya kundi la PROSPECT la Ulaya ya mwaka 2021 yanajenga msingi ule ule: parasetamoli, dawa za jamii ya ibuprofeni, deksamethasoni, na dawa za jamii ya mofini zikibaki kwa dharura. Ganzi haimo kwenye msingi huo. Asali imetajwa kama nyongeza, ndiyo, asali hii ya kawaida (ila kamwe siyo kwa mtoto chini ya mwaka mmoja).

Dawa hizi hazina mvuto. Hakuna anayeandika tahariri kuhusu Panadol ya maji. Lakini zinapatikana hadi duka la dawa la kijijini, na zinafanya kazi siku ya nne kwa sababu unaweza kuzitoa siku ya nne. Sharti ni moja: zitolewe kwa saa, kwa kipimo cha uzito wa mtoto, hata kama kwa wakati huo amenyamaza. Ukisubiri alie, tayari ameacha kunywa, koo limekauka, na kumeza kunauma zaidi. Ibuprofeni daktari aseme kwanza kama inamfaa, kwa ajili ya suala la damu na figo, na aspirini asipewe.

Kwa hiyo jaribio ninalolitamani ni hili. Watoto wote wapate msingi huo wa dawa, maana kulinganisha ganzi na kutopewa kitu siyo haki wala siyo maisha halisi. Kura iamue nani awekewe pamba yenye ganzi na nani yenye maji ya chumvi. Wazazi wapigiwe simu siku ya 1, 3, 5, 7 na 10: amekunywa vikombe vingapi, amelala, amerudi hospitali? Na idadi iwe kubwa kiasi cha kuweza kuhesabu madhara. Jaribio hilo linaweza kufanyika Dar es Salaam, Nairobi au Kampala bila mashine yoyote ya ajabu. Likionyesha kwamba pamba ya ganzi inaleta tofauti siku ya tano, nitaandika makala nyingine ya kujisahihisha, kwa furaha.

Mpaka hapo, ukosoaji wangu kwa tafiti hizi una mwisho wa kawaida sana. Mwezi uliopita nilimweleza dada yangu hizo saa 15. Akasema, "Kumbe ile ganzi iliisha usiku ule ule, na mimi nikawa naisubiri ifanye kazi." Alihitaji kuambiwa mambo matatu tu mlangoni wakati wa kutoka, yaandikwe hata kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi: ganzi itaisha usiku wa leo, mpe dawa ya maumivu kila saa ulizoandikiwa kwa muda wote uliopangiwa, usisubiri alie, asipokunywa au ukiona damu mbichi, rudi mara moja.